Wingu la Pembeni ya Jicho

Vumbi mimi nalijua. Ni dereva wa watalii, kazi niliyoianza kichwa changu kikiwa bado na nywele, na vumbi limeniingia puani, masikioni, kwenye soksi na kwenye chai ya chupa mpaka nimeacha kulisemea. Nikirudi nyumbani mjini, Daraja Mbili, mke wangu hunivulisha viatu nje ya mlango kabla hata ya kunipa pole ya safari. Kwa hiyo siku tulipokalishwa darasani tukaambiwa kwamba nyota huzaliwa ndani ya vumbi, nilicheka peke yangu, na mwalimu akadhani namdharau. Nilikuwa namdharau kidogo, maana nilikuwa na usingizi.

Tulifundishwa kwa sababu ya wageni. Mgeni akishakula chakula cha jioni kambini, akatoka nje ya hema na kuinua kichwa, anashangaa kana kwamba mbingu tumezitundika sisi. Kisha anaanza maswali. Ile ni nini? Na ile pale je? Zamani nilikuwa najibu kwamba ni nyota, na jibu hilo halikumridhisha mtu aliyepanda ndege mbili kuja kulisikia. Tajiri wetu, mwenye kampuni, akaona aibu, akatutafutia mtu wa kutufundisha.

Nilichobaki nacho kutoka mafunzo yale ni kitu kimoja. Kuna zile nyota tatu zilizojipanga mstari, ambazo kila mtu anazijua hata kama hajui zinaitwaje. Mwezi wa Desemba, giza likishakaa vizuri, utaziona upande wa mashariki zimesimama moja juu ya nyingine. Kulia kwake kuna vinyota hafifu vimefuatana. Kile cha katikati si nyota. Ukikitazama kwa macho matupu ni kama alama ya chaki iliyofutwa vibaya. Ukikiwekea darubini unakuta ukungu, kama pumzi ya mtu kwenye kioo cha gari asubuhi ya baridi.

Ukungu huo unaitwa nebula. Ni wingu la gesi na vumbi, kubwa kiasi kwamba mwanga wenyewe, pamoja na mbio zake zote, huchukua miaka kulivuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ndani yake gesi inavutana, inajikusanya, inabanana mpaka inachemka na kuwaka, na hapo ndipo nyota inapoanza. Mengi ya hayo hatuyaoni, kwa sababu vumbi limeyafunika. Na mwanga unaotufikia uliondoka kule zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kabla hata huu mji haujawa kijiji.

Wingu hilo lina tabia moja ya kuudhi. Ukilikodolea macho, linapungua. Ukiangalia kidogo pembeni yake, linatokea. Mwalimu alitueleza kwamba sehemu ya katikati ya jicho imezoea mwanga na rangi, gizani haina msaada, na kwamba pembeni ya jicho ndiko kunakoona vitu hafifu. Sisi madereva tulikuwa tunalijua jambo hilo bila kulijua, maana jioni chui humwoni kwa kumtafuta, unamwona unapoangalia mti wa jirani. Lakini wageni wengi wanashindwa. Unamwambia angalia kando, anasema sawa, sawa, na macho yake yanarudi palepale. Mtu akitaka kukiona kitu, jicho lake haliko tayari kukiacha.

Maelezo hayo nimeyasema kwa Kiingereza miaka mingi bila kuyafikiria. Yalikuwa maneno ya kazi, kama kumwambia mgeni afunge mkanda.

Mama yangu anaishi Nkoaranga, mlimani, kwenye shamba la migomba na kahawa kidogo alilobaki nalo baada ya baba kufariki. Baba amelala hapohapo, nyuma ya nyumba. Njia ya kwenda kwa mama ni ya kupanda, na mvua ikinyesha gari langu, lililovuka mito huko porini, linagoma kabla ya geti lake. Ana ng'ombe mmoja na kuku asiowajua idadi. Alikuwa mtu wa kucheka, mwenye maneno, anayejua habari za kila nyumba mpaka Kikatiti. Kisha akabadilika, na sisi tukaona tumeelewa kwa nini.

Alianza kwa kutosalimia watu. Kanisani, akina mama walioimba naye kwaya tangu usichana walimpungia mkono, akapita. Maneno yakatufikia mjini kabla ya jua kuzama: mama yenu amekuwa na maringo tangu mwanae anunue gari. Mimi nikacheka, maana gari lenyewe ni la mkopo na la tajiri kwa sehemu kubwa. Lakini mke wangu hakucheka. Yeye alikuwa ameona kitu kingine.

"Mama yako haniangalii," aliniambia. "Nikiongea naye anageuza uso. Anaangalia ukutani kama mimi ni harufu."

Nilimwambia anakosea. Kisha nikachunguza, nikaona ni kweli. Mama alikuwa akiongea na mke wangu huku uso wake umeelekea mlangoni. Akipewa kitenge, anakipokea huku anaangalia dari. Kwetu kijana ndiye anayeinamisha macho mbele ya mkubwa. Mkubwa akikugeuzia uso, amekwisha kusema alichotaka kusema. Mke wangu ni Mchaga, sisi ni Wameru, na utani wa makabila haya mawili unajulikana. Siku hizo majirani waliugeuza utani kuwa ushahidi. Walisema mama alitaka mkwe wa kwao, na sasa uzee umempa ujasiri wa kuonyesha.

Halafu kikaja kipaimara cha binti yetu mkubwa. Tulijikamua. Tulikodi turubai, viti vyenye vitambaa vya kufungwa nyuma, na mshereheshaji mwenye sauti ya kuamsha wafu. Ikafika zamu ya keki. Utaratibu unajulikana: keki inakatwa vipande vidogo, kila kipande kinachomwa kijiti, na watu wazito wa familia wanaitwa mmoja mmoja kulishwa mbele ya wote. Mshereheshaji akatangaza kwamba sasa mama mzazi wa binti atamlisha mama mkwe wake. Muziki ukapandishwa. Mama akaletwa mbele ameshikwa mkono.

Mke wangu akasogea, akapiga goti kidogo, akanyoosha kipande. Mama akageuza uso. Aliugeuza waziwazi, upande wa kushoto, kama mtoto anayekataa dawa. Kipande kikamgusa shavuni, krimu ikabaki pale, keki ikaanguka kwenye kapeti. Muziki uliendelea kupiga. Mshereheshaji akajaribu kuokoa jahazi, akasema kwenye kipaza sauti kwamba bibi anaogopa sukari, na watu wachache wakacheka kile kicheko cha kuangaliana.

Mke wangu alirudi kwenye kiti chake, akatabasamu mpaka sherehe ikaisha. Nyumbani alivua viatu, akaniambia kwamba hatapanda tena Nkoaranga akiwa hai.

Hakupanda. Krismasi ikaja na kupita, Pasaka vilevile, Krismasi nyingine ikakaribia. Watoto nikiwapeleka wanakwenda, lakini yeye hakutuma hata salamu. Mama naye hakumuulizia, na hilo nililihesabu kama kosa la pili. Ninaweza kuvumilia tembo akisimama mbele ya gari, ila hao wanawake wawili walinimaliza. Nililala vibaya. Hofu yangu ilikuwa kwamba mama atakufa, mke wangu atasimama kaburini na kinyongo chake, na kuanzia siku hiyo sitaweza kumwangalia mke wangu bila kukumbuka. Hakuna kitu kingine nilichokiogopa kama hicho, na sikujua pa kuanzia.

Krismasi ile ya pili mke wangu alichukua watoto akaenda kwao Moshi. Mimi nilitoka safari na wageni moja kwa moja, nikapitia nyama na sukari, nikapanda kwa mama peke yangu na vumbi langu. Alinipokea vizuri. Alinipa loshoro, ule uji mzito wa mahindi na ndizi wenye maziwa ya mgando, na nikaona ameumwaga kidogo pembeni ya bakuli. Nikafuta. Nilidhani ni mikono ya uzee.

Umeme ukakatika kabla hatujamaliza kula. Tukatoa viti nje. Mvua za vuli zilikuwa zimeosha hewa, mlima ulikuwa wazi nyuma yetu na mbele hakukuwa na wingu hata moja. Niliongea. Nilimweleza habari za watoto, shule, ada, binti anavyotaka kusomea udaktari. Mama alikuwa amegeuzia uso jikoni.

"Mama, ninaongea na wewe."

"Nakusikia, baba."

"Ungeniangalia basi."

Uso wake haukutoka jikoni. Hasira ilinipanda mpaka shingoni. Nilitaka kumwambia kwamba ameivunja nyumba yangu, kwamba hata mimi sasa ananigeuzia uso, kwamba sijui nimemkosea nini. Badala yake niliangalia juu, kwa sababu mama wa mtu hapigiwi kelele, nikaziona zile tatu zimesimama upande wa Kilimanjaro. Darubini ya kazi ilikuwa bado shingoni mwangu. Nikaivua ili tu nipate cha kufanya na mikono.

"Njoo nikuonyeshe kitu wanachokilipia Wazungu," nikamwambia.

Darubini ni nzito kwa mikono ya mtu mzima, inatetemeka na nyota zinacheza. Nikachukua jembe, nikalisimamisha mbele ya kiti chake, mpini juu, ili aegemeze. Nikailenga mwenyewe kwanza, kisha nikamwachia. Nilijua itakavyokuwa. Atasema haoni kitu, nitamweleza kuhusu kuangalia kando, atashindwa kama wote, tutaingia ndani kulala.

Aliiegemeza kwenye mpini. Kisha akasema, "Kuna moshi."

"Moshi gani?"

"Mweupe. Umekaa kama kuku anapofunika vifaranga. Bawa moja limefunguka kuliko jingine. Na hapa katikati pana vitu vinametameta."

Nikaichukua darubini, nikaangalia. Bawa lilikuwepo. Nimewaonyesha watu wingu lile miaka yote hiyo na sikuwahi kuliona bawa. Nilimrudishia nikiwa na furaha ya kijinga, ile ya mwalimu aliyepata mwanafunzi, nikasahau hata hasira yangu.

"Mama, nani amekufundisha?"

"Kunifundisha nini?"

"Kuangalia pembeni. Watu hawawezi. Ukilitazama lenyewe linapotea, lazima uangalie kando yake. Wewe umeweza mara ya kwanza."

Aliishusha darubini magotini, akaizungushia ule mkanda wake taratibu kwa vidole.

"Si ndivyo ninavyowaangalia na ninyi siku hizi?" alisema.

Nilidhani ni utani. Nikasubiri acheke. Hakucheka.

"Unasemaje, mama?"

"Nikikuangalia usoni hakuna uso. Ni kama mtu amekupaka majivu hapo katikati. Masikio nayaona, mabega nayaona. Nikigeuza kichwa ndipo uso unakuja kidogo. Ni hivyo hivyo kwa kila mtu. Mchungaji hana uso. Mimi mwenyewe kwenye kioo sina."

"Tangu lini?"

"Tangu baba yako aondoke, au baada kidogo. Sikuhesabu."

Niliketi chini kwenye majani yenye umande. Maswali yalikuwa mengi na lililotoka lilikuwa la mwisho kwa umuhimu.

"Na keki?"

"Keki." Alifikiri. "Nilisikia mkeo yuko mbele yangu, na kwamba ameshika keki. Nilikuwa naitafuta, mwanangu. Nikageuza ili nimwone yeye na hiyo keki, ikanigusa shavuni. Nikasikia watu wanacheka. Nikajua nimefanya kitu, ila sikujua nini."

Nililia. Mtu mzima mwenye upara, nimekaa chini miguuni kwa mama na buti za kazi. Yeye alinishika kichwa akaniacha nimalize, kisha akaniambia nisilie kwa nguvu, majirani wataona kuna msiba. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Mwaka na zaidi wa kugombana, wa watoto kuuliza kwa nini mama haendi kwa bibi, na neno moja lingemaliza yote.

"Ningesema mngenishusha," alijibu.

Alieleza vizuri, kwa sauti ya mtu aliyeyafikiria sana. Mtu mwenye kiburi anaachwa akae kwake, watu wanamsema na kumwacha. Kipofu anachukuliwa. Tungempeleka Daraja Mbili, tungempa kile chumba cha nyuma, akitoka nje anakutana na ukuta wa jirani na redio. Hapa anajua kila mgomba kwa mkono. Anajua mahali baba alipolala bila kuangalia. Kwa hiyo aliposikia watu wanasema ana maringo, aliona ni afadhali, akawaacha waseme. La mke wangu lilimuuma, lakini hakuona namna ya kulitoa hilo moja bila kuyatoa yote.

Tulikaa. Ni kweli, tungemshusha. Nisingefikiri mara mbili. Ningejisifu kwa watu kwamba namtunza mama.

"Ule moshi ni nini?" aliniuliza baadaye.

Nikamweleza, kwa mara ya kwanza kwa Kiswahili, na nikagundua sikuwa na maneno ya kutosha. Nilimwambia ni gesi na vumbi, na kwamba ndani yake nyota zinazaliwa hivi sasa. Akataka kujua vumbi linawezaje kuzaa moto. Nikasema linajikusanya na kubanana mpaka linapata joto, kama majani mabichi yaliyorundikwa zizini. Hilo alilielewa.

"Na zikishazaliwa?"

"Zinawaka. Mwanga wake na upepo wake unalisukuma lile wingu. Linatawanyika kidogo kidogo, mpaka linaisha."

"Vitoto vinamfukuza mama yao."

"Si kwa kukusudia."

"Najua si kwa kukusudia," alisema mama, akaomba tuingie ndani, baridi imemwingia.

Januari nilimpeleka kwa daktari wa macho mjini. Nilikuwa nimejipa moyo, na kila niliyemwambia alinipa moyo zaidi. Ni mtoto wa jicho huyo, walisema, unafanyiwa operesheni asubuhi na mchana unarudi unaona mpaka sisimizi. Nami nikaamini, nikampangia mama mpaka nguo ya kuvaa siku ya kufunguliwa bandeji. Daktari alimwangalia muda mrefu, jicho moja, kisha jingine, kisha akarudia. Si mtoto wa jicho, alisema. Ni pale nyuma ya jicho, katikati, ndipo palipochakaa, na pakishachakaa hivyo hapashoneki. Miwani haitasaidia. Doa lile litaendelea kutanuka, taratibu, kwa mwendo ambao hakuna anayeujua. Nikamuuliza kama tungewahi ingesaidia. Akaniangalia kwa huruma, akasema kwa aina hii hata kuwahi kusingebadilisha sana. Sijui kama alisema kweli au alinihurumia.

Mama hakuuliza hayo. Yeye aliuliza kama ataendelea kuiona njia ya kwenda kwenye migomba. Daktari akasema njia ataiona, kwa sasa.

Doa limetanuka. Desemba iliyopita nilimsimamishia tena jembe, nikailenga darubini kama mwanzo, akaangalia pembeni huku, akaangalia pembeni kule, juu, chini. Akasema labda kuna ukungu huko juu leo. Hakukuwa na ukungu. Nikasema ndiyo, mama, umetanda. Lakini nimeruka mbele, na kuna jambo la Januari sijalimaliza.

Mke wangu sikuwa nimemwambia, nikingoja niwe na karatasi mkononi; jioni tuliyotoka kwa daktari nilimweleza. Alikuwa anapiga pasi sare za shule. Alisikiliza bila kuacha pasi, na nilipofika kwenye keki akaacha.

"Amekutuma?"

"Hajui hata kama nakwambia."

"Maana ni hadithi nzuri. Inamtoa yeye, inakutoa wewe, ninabaki mimi mwenye roho mbaya."

Nikamwonyesha karatasi ya daktari. Hakuisoma. Nikamweleza kuhusu wingu, jinsi mama alivyoliona bila kufundishwa, na nafikiri hilo ndilo lililomfikia, kwa sababu yeye mwenyewe nilishamwonyesha zamani tukiwa wachumba na alishindwa kabisa. Aliichomoa pasi kwenye umeme, akakaa kwenye kitanda cha watoto.

"Nililia, unajua," alisema. "Usiku mzima wa kipaimara cha mwanangu. Nilijiuliza nimempikia vibaya lini, nimemjibu vibaya lini. Nilipekua maisha yangu yote kwenye nyumba hii nikitafuta kosa." Kisha akapandisha sauti. "Na yeye angeniambia! Mimi ni mtu wa kwenda kumng'oa mama wa mtu shambani kwake? Hivyo ndivyo anavyonijua?"

Nilitegemea machozi na kusameheana, nikapata hasira mpya, na hii ilikuwa na haki kuliko ile ya kwanza. Wiki zikapita. Alipika, alifua, alikwenda dukani kwake, na jina la mama halikutajwa. Nilikwenda safari nikarudi. Wageni wakaniuliza kuhusu nyota, nikawaambia kuna mawingu.

Jumamosi moja, bila utangulizi, akaniambia, "Kesho baada ya ibada twende."

Nilimpigia mama kumwambia. Aliuliza tu tunakuja saa ngapi.

Njia ilikuwa na matope, tukaacha gari chini tukapanda kwa miguu. Mke wangu alitangulia na kikapu, mimi nikafuata na mkungu wa ndizi, kwa sababu Mchaga haendi ukweni mikono mitupu hata kama ukweni kwenyewe ni kwenye migomba. Karibu na geti alisimama, akajifunga upya kitenge, akavuta pumzi.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti barazani. Alikuwa ameoga, amevaa gauni la kanisani, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani. Mikono ameiweka magotini kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Alitusikia mapema, na nikaona anauweka uso wake. Aliuinua, akaunyoosha kuelekea sauti ya hatua za mke wangu, na akaubakiza hapo.

"Shikamoo, mama," alisema mke wangu.

"Marahaba, mwanangu. Karibu nyumbani."

Alikuwa akimwangalia moja kwa moja, macho yamefunguka wazi, bila kupepesa, bila kugeuka hata kidogo kushoto wala kulia. Huo ndio uso ambao mke wangu aliunyimwa muda wote ule. Mama alikuwa amekaa asubuhi nzima akijiandaa kumpa, akatabasamu nao, akiutazama kwa heshima zote mwanya mtupu uliokuwa mbele yake. Midomo yake ilitetemeka kidogo kwa ile kazi ya kutogeuka.

Mke wangu alimwangalia kwa muda, akaweka kikapu chini. Akapanda ile ngazi moja ya baraza, akapiga magoti mbele ya kiti. Kisha akafanya jambo ambalo mkwe hamfanyii mama mkwe, kwetu wala kwao. Alimshika kidevu kwa vidole vyake, akaugeuza ule uso pole pole kuelekea pembeni, akausimamisha, akausogeza tena kidogo.

"Hapo?" akauliza.

Mama alikaa hivyo, kidevu mkononi mwa mkwewe, ameelekea kwenye migomba.

"Umekonda," alimwambia.